Breketi ya Mkono: Jinsi ya Kuichagua na Kuifunga Ukutani kwa Usalama



Televisheni za zamani zilikuwa na kisogo kirefu na uzito mkubwa, na mahali pake palikuwa juu ya kabati. Za leo ni bapa na nyepesi, na kaya nyingi hupendelea kuzitundika ukutani. Miongoni mwa vifaa vya kutundikia, breketi yenye mkono unaokunjuka ndiyo inayovutia zaidi, kwa kuwa huwezesha kioo kuvutwa mbele, kugeuzwa kushoto na kulia, na kuinamishwa. Aliyeketi sebuleni hutazama, na aliye kwenye meza ya chakula hutazama pia.

Hata hivyo, breketi hiyo ndiyo inayoudai ukuta zaidi kuliko nyingine zote. Ikifungwa vibaya huweza kukaa miezi kadhaa bila dalili, kisha ikang'oka siku mtu anapoivuta. Anayekuwa chini yake mara nyingi ni mtoto. Kwa sababu hiyo tumeandaa somo hili, ili mlaji ajue la kupima nyumbani, la kuuliza dukani na la kusimamia fundi anapofanya kazi.

Aina tatu za breketi

Ya kwanza ni breketi isiyosogea. Hushika televisheni karibu kabisa na ukuta. Ya pili ni breketi ya kuinamisha, ambayo huwezesha kioo kutazama chini kidogo. Hufaa pale televisheni inapowekwa juu, kama katika chumba cha kulala au katika ukumbi. Ya tatu ni breketi ya mkono, yenye bamba la ukutani, mkono mmoja au miwili yenye viungo, na bamba la kushikia televisheni.

Tunashauri mlaji ajiulize kwanza: je, ninauhitaji mkono? Ikiwa viti vyote vinatazama ukuta mmoja, breketi isiyosogea inatosha, ni ya bei nafuu na ni salama zaidi. Mkono una faida pale chumba kinapotumika kwa kazi mbili, pale televisheni inapokaa pembeni, au pale mwanga wa dirisha unapopiga kioo.

Kwa nini mkono huongeza mzigo

Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa mbele anaijua kanuni hii. Ndoo ni ileile, lakini bega huchoka upesi kuliko inapobebwa karibu na mwili. Huo ndio wenzo, nao hufanya kazi vivyo hivyo ukutani.

Tuchukulie televisheni yenye uzito wa kilo 15. Bamba la ukutani lina urefu wa sentimita 20 kutoka bolti za juu hadi ukingo wa chini, ambao ndio egemeo. Televisheni ikiwa sentimita 5 kutoka ukutani, nguvu inayozivuta bolti za juu kutoka ukutani ni 15 mara 5, gawanya kwa 20, yaani chini ya kilo 4. Mkono ukikunjuliwa hadi sentimita 50, hesabu huwa 15 mara 50, gawanya kwa 20, yaani kilo 37 na nusu. Televisheni haikuongezeka uzito, ila mvuto umekuwa mara kumi. Mtoto wa kilo 15 akining'inia hapo, mvuto huo hujirudufu.

Hesabu hii inatufunza mambo mawili. Bolti za juu ndizo zinazobeba dhamana kubwa, hivyo zisiwe pungufu wala fupi. Pili, kati ya breketi mbili zenye mkono wa urefu sawa, ile yenye bamba refu zaidi la ukutani huupunguzia ukuta mzigo.

Vipimo vitatu kabla ya kwenda dukani

Kipimo cha kwanza ni uzito. Usome katika kitabu cha maelezo au kwenye kibandiko kilicho nyuma ya televisheni, na uchukue ule usiojumuisha miguu. Usikadirie kwa ukubwa wa kioo, maana televisheni mbili za inchi sawa huweza kutofautiana kwa kilo kadhaa.

Kipimo cha pili ni umbali kati ya matundu manne ya skrubu yaliyo nyuma ya televisheni. Pima kwa milimita, kwanza kwa ulalo kisha kwa wima. Watengenezaji wengi hufuata utaratibu wa chama kiitwacho VESA, na kwenye boksi la breketi huandikwa jina hilo likifuatiwa na namba mbili, kwa mfano 200 x 200 au 400 x 300. Vipimo vyako lazima viwe miongoni mwa vilivyoorodheshwa.

Kipimo cha tatu ni upana wa televisheni. Ili kioo kigeuzwe kabisa hadi kitazame ukuta wa pembeni, mkono hauna budi kufikia angalau nusu ya upana huo. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa takribani sentimita 95, hivyo huhitaji mkono wa karibu sentimita 48. Ya inchi 55 ina upana wa takribani sentimita 122, nayo huhitaji sentimita 61. Ikiwa unahitaji kuigeuza kwa nyuzi 30 tu, nusu ya urefu huo inatosha. Usinunue mkono mrefu kuliko haja yako, kwa kuwa kila sentimita ya ziada ni mzigo kwa ukuta.

Ujue ukuta wako

Breketi nzuri katika ukuta dhaifu ni hatari. Ukuta wa zege au wa matofali ya saruji yaliyojaa hufaa. Matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri hufaa pia, mradi tundu litobolewe katikati ya tofali, si katika kiungo cha saruji.

Matofali ya saruji yenye matundu ndani yanahitaji uangalifu. Rolplagi ya kawaida ikiangukia penye uwazi haina cha kushika. Hapo njia salama ni kupitisha bolti ndefu hadi upande wa pili wa ukuta na kuzikaza kwa nati juu ya bamba la chuma, au kuachana na mkono na kuchagua breketi isiyosogea.

Nyumba kongwe za pwani zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa zina kuta nene, lakini unene si uimara. Chokaa hulegea na mawe hayalingani. Kuta za matofali mabichi na za miti na udongo hazifai kabisa. Kuta nyembamba za jipsamu hazibebi mkono, isipokuwa bolti ziingie katika nguzo za mbao imara zilizo nyuma yake. Kwa kuta hizi tunashauri televisheni ikae juu ya kabati pana na zito, ifungwe kwa kamba ya usalama isianguke.

Lipu haihesabiwi. Ikiwa lipu ina unene wa milimita 20 na bolti ni ya milimita 60, kilichoingia katika tofali ni milimita 40 tu, na unene wa bamba bado haujatolewa. Fundi anapotoboa, tazama vumbi. Linaanza na rangi ya lipu, kisha hubadilika kuwa la tofali. Dreli ikizama ghafla, kuna uwazi. Kazi isimame mpaka njia nyingine ipatikane.

Dukani

Omba boksi lifunguliwe. Kagua mambo haya:

1. Uzito wa juu ulioandikwa uzidi wa televisheni yako kwa kiasi cha kutosha, usilingane nao tu.
2. Chuma kiwe kinene, viungo visicheze ovyo, na maungio yaliyochomelewa yasiwe na nyufa.
3. Skrubu, washa na bolti ziwemo zote, pamoja na maelezo ya kufunga.
4. Jina la mtengenezaji lionekane. Breketi isiyo na jina wala kiwango cha uzito tunashauri isinunuliwe.

Dai risiti ya EFD na uitunze pamoja na boksi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha na bidhaa zenye kasoro. Bango la "mali ikiuzwa hairudishwi" lisikukatishe tamaa ya kudai haki yako endapo breketi imepasuka au haikubali uzito ulioandikwa juu yake. Muuzaji akikataa kukusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na risiti mkononi.

Hatua za kufunga

Kwanza, chagua mahali. Keti katika kiti chako cha kawaida. Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho, ambao kwa kawaida ni takribani mita moja hadi mita moja na sentimita 10 kutoka sakafuni.

Pili, epuka umeme. Nyaya zilizofukiwa ukutani aghalabu hupanda au hushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, au hupita kwa ulalo kati yake. Usitoboe katika mistari hiyo. Zima umeme wa saketi inayopita ukuta huo, na dreli ipate umeme kutoka kwingine.

Tatu, weka alama. Shikilia bamba ukutani, lisawazishe kwa pimamaji, kisha chora matundu kwa penseli.

Nne, toboa. Unene wa ncha ulingane na rolplagi au bolti ya kupanuka iliyoelekezwa. Kina kizidi urefu wake kidogo, na vumbi litolewe, kwa kuwa vumbi huilegeza rolplagi. Tundu likipanuka kuliko inavyotakiwa, lisizibwe kwa kijiti au karatasi, hamisha bamba.

Tano, funga bamba. Jaza matundu yote yaliyoelekezwa. Kaza imara bila kupita kiasi, kwa kuwa kukaza mno hupasua tofali.

Sita, jaribu kabla ya kutundika. Weka godoro chini, ondoa watoto chumbani, kunjua mkono wote, kisha ning'iniza mwishoni mwake ndoo yenye maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji. Mzigo uzidi kidogo uzito wa televisheni, lakini usipite kiwango cha breketi. Iache kwa saa kadhaa. Bamba likiachana na ukuta hata kwa unene wa karatasi, kazi irudiwe. Ni heri kumwaga maji kuliko kuokota vioo.

Saba, tundika. Skrubu za televisheni ziingizwe kwa vidole kwanza. Zikiwa ndefu mno huweza kuharibu sehemu za ndani. Zikiwa fupi hazishiki. Watu wawili wainue televisheni, na wa tatu afunge skrubu ya usalama.

Nane, panga nyaya. Kunjua mkono wote kabla ya kuzibana, ili zibaki na urefu wa ziada na zisikatwe na viungo.

Ukimtumia fundi

Kubalianeni kwa maandishi kuhusu malipo, aina ya bolti, na nani atawajibika televisheni ikianguka. Mwombe afanye jaribio la ndoo mbele yako. Fundi mwenye uhakika na kazi yake hatalikataa.

Baada ya mwezi mmoja, kaza bolti upya, kisha zikague kila baada ya miezi sita. Mkunje mkono baada ya kutazama. Wafundishe watoto kwamba si wa kuchezea wala kuning'inia.

Maswali ya kujipima

1. Televisheni ya kilo 12 iko kwenye mkono wa sentimita 40, na bamba lina sentimita 24. Bolti za juu zinavutwa kwa kilo ngapi?
2. Ukuta wako umejengwa kwa tofali gani, na lipu yake ina unene gani?
3. Risiti ya breketi yako iko wapi?

Jibu la swali la kwanza ni kilo 20. Majibu ya maswali mawili yanayofuata yako nyumbani kwako. Tunakusihi uyapate kabla tundu la kwanza halijatobolewa.