Ndoo Isiyotekewa Maji: Likizo ya Visiwani kama Somo la Lahaja

Utangulizi

Funguvisiwa la Lamu lina visiwa vikuu vitatu, yaani Amu (au Lamu), Manda na Pate, pamoja na vidogo kama vile Ndau na Kiwayu. Kwa mgeni wa kawaida hapa ni mahali pa kupunga upepo, kula samaki wa kupaka na kuhama kutoka kisiwa hadi kisiwa bila haraka. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, safari hiyo hiyo ni darasa. Makala haya yanadai kwamba raha ya likizo hiyo haikamiliki pasipo kuzielewa lahaja za wenyeji, na kwamba anayezidharau hujinyima pia ufunguo wa fasihi ya kale.

Amu: kicheko barazani

Barabara itokayo bara hukomea Mokowe, na kuanzia hapo msafiri hutegemea chombo. Mji wa Amu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, na punda ndio wachukuzi wa mizigo. Mgeni asiyejua kujibanza ukutani hufunzwa adabu hiyo na punda mwenyewe.

Tuchukulie kwamba mwanafunzi kutoka bara anapita mbele ya baraza na bibi mmoja anamwita: "Ndoo, mwanangu, ndoo tuteke." Akiwa na Kiswahili sanifu peke yake, mwanafunzi huyo ataangaza macho akitafuta ndoo na kisima. Kumbe bibi hana haja ya maji. Amemwita aje wacheke. Katika Kiamu, /ch/ ya Kiswahili sanifu aghalabu huwa /t/: macho ni mato, mchele ni mtele, chini ni tini, na kucheka ni kuteka. Aidha, /nj/ huwa /nd/: njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Nayo /j/ mara nyingi huwa /y/, kama katika moya na yana, au hudondoshwa, kama katika mai, yaani maji.

Mifano hii yadhihirisha kuwa bibi hakukosea. Alifuata kanuni za lahaja yake kwa uthabiti ule ule ambao mwanafunzi anafuata za kwake. Ikumbukwe kuwa Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Uteuzi huo ulikuwa wa kiutawala na kielimu. Haukuwa hukumu kwamba lahaja nyingine zilikuwa mbovu.

Chomboni: msamiati unaopwa

Kutoka Amu msafiri huvuka hadi Manda, penye magofu ya mji wa Takwa, kisha huelekea Pate kupitia mlango wa Mkanda. Hapo safari hutawaliwa na maji kujaa na kupwa, na asiyetofautisha bamvua na maji mafu huenda akakesha mchangani. Katika mashua ya tanga, nahodha husema juu ya foromali, na juu ya upande wa joshini utokako upepo na wa demani uendako. Leo vyombo vingi huendeshwa kwa mashine, na mashine haihitaji maneno hayo. Hatari hiyo aliiona Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mwenyeji wa Lamu, aliyetunga Sambo ya Kiwandeo (1979) ili kuhifadhi msamiati wa uundaji wa vyombo na wa ubaharia.

Pate: chimbuko la tenzi

Kisiwa cha Pate pekee kina lahaja kadhaa: Kipate katika mji wa Pate, Kisiu huko Siyu, na Kitikuu pande za Faza na Kizingitini. Sikio lililokwisha kuzoea Kiamu hushtuka tena, kwani watu wa Amu ni wachu katika Kitikuu.

Siyu ndiko alikotawala Bwana Mataka, mumewe Mwana Kupona, mtunzi wa utendi wa mwaka 1858 wenye wosia kwa bintiye. Aidha, kuporomoka kwa fahari ya mji wa Pate ndiko kulikompa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir maudhui ya Al-Inkishafi. Kazi hizi husomwa vyuoni kwa msaada wa faharasa. Msomaji aliyezisikia ndia na mato zikitamkwa barazani hupunguza safari za kuitazama faharasa hiyo, na huhisi mizani na vina kama vilivyokusudiwa.

Hitimisho

Likizo ya visiwani humpa mwanafunzi fursa ya kusikia kwa masikio yake yale anayoyasoma katika isimujamii na ushairi. Sharti lake ni unyenyekevu: aende kama mwanagenzi, asiende kama msahihishaji. Mwacha asili ni mtumwa, na Kiswahili sanifu nacho kina asili yake katika lahaja.

Maswali ya mjadala

1. Kwa kutumia mifano ya Kiamu, eleza tofauti kati ya kosa la matamshi na kanuni ya lahaja.
2. Je, msamiati wa vyombo vya tanga ufundishwe shuleni ilhali matumizi yake yanapungua? Jadili.
3. Tathmini faida na hasara za kuandika upya tenzi za kale kwa Kiswahili sanifu.