Vipuri vya Ukoo Mmoja: Kuunda Baiskeli ya Mkono ya Kwanza

Somo letu safari hii ni la mikono na mafuta meusi. Vikundi kadhaa vimeuliza jinsi ya kumtengenezea mwenzao asiyeweza kutembea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kukaa chini na kuzungusha kwa mikono. Sisi tumeiunda. Ya kwanza ilitushinda, ya pili inatembea hadi leo. Tutaeleza yote mawili, kwa sababu makosa yetu yanaweza kuwaokolea pesa.

Kwanza kisa chenyewe. Katika kikundi chetu kuna mama mmoja ambaye miguu yake haina nguvu. Anauza mboga na omena sokoni mara mbili kwa wiki. Alikuwa akipelekwa na kijana wake kwa wilibaro, na kila siku ya soko kijana hakuenda shule. Tuliamua pesa za mzunguko za miezi miwili zinunue vipuri. Tulizunguka kwa mafundi wa jua kali tukaokota kila kilichokuwa rahisi: gurudumu hapa, krenki pale, kipande cha cheni kwingine. Fundi wa kuchomelea akaunganisha. Mama akaenda sokoni peke yake, tukapiga makofi.

Baada ya wiki tatu tairi la mbele lilipasuka. Hapo ndipo shida ilianza. Tulinunua tairi lingine lililoandikwa 26 kama lile la zamani, lakini halikuingia hata kwa kusukumwa na watu wawili. Halafu cheni nayo ikawa inaruka kila akifika mlimani. Baiskeli ikasimama ukutani, na kijana akarudi kwenye wilibaro. Hakuna kipuri kilichokuwa kibovu. Kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake, ila havikuwa vya ukoo mmoja.

Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Basi haya ndiyo tuliyojifunza kuhusu kupatanisha vipuri.

1. ANZA NA MTU, SI NA CHUMA

Kabla ya kununua hata nati moja, mkalishe mwenye baiskeli kwenye kiti kigumu, uchukue tepu na uandike vipimo hivi:

- Upana wa nyonga. Kiti kiwe kipana kidogo tu kuliko hapo, asije akayumba.
- Urefu wa kitanda au kiti anachotoka. Kiti cha baiskeli kikilingana nacho, atahama bila kubebwa.
- Kimo cha magoti akiwa amekaa. Krenki ya kawaida ina urefu wa milimita 170, yaani sentimita 17. Mikono itashuka sentimita 17 chini ya katikati ya krenki, na bado panatakiwa nafasi ya vidole. Kwa hiyo weka katikati ya krenki sentimita 25 hivi juu ya magoti.
- Urefu wa mikono. Krenki ikiwa mbali kabisa naye, viwiko viwe bado vimekunjwa kidogo.
- Upana wa mlango wa nyumba na wa njia ya kwenda sokoni.

Tena muulize kama miguu na makalio yana hisia. Mtu asiyehisi anaweza kupata kidonda cha kukalia bila kujua. Huyo anahitaji mto laini, na ngozi yake iangaliwe kila siku. Kabla ya kuanza kazi, zungumzeni na mtaalamu wa viungo katika hospitali iliyo karibu. Shirika la APDK, ambalo lilianza mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu na baiskeli za namna hii hapa Kenya. Mkiweza kuona moja yao kwa macho, mtajifunza mengi.

2. CHAGUA UKOO WA MAGURUDUMU

Hapa ndipo tulipoanguka. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi haitoshi. Matairi yanaweza kuitwa 26 yote na yasikubali rimu moja. Tafuta namba ndogo ya milimita iliyo kando yake, kwa mfano 57-559. Namba ya mwisho ndiyo kipimo cha mahali tairi linapokalia rimu, na ndiyo inayosema ukweli.

- Tairi la 26 x 2.125, la baiskeli za mauntini, ni 559.
- Tairi la 26 x 1 3/8, la baiskeli nyingi za zamani za mjini na za kina mama, ni 590.
- Tairi la 28 x 1 1/2, la baiskeli nyeusi tunayoiita Black Mamba, ni 635.

Rimu yetu ya mbele ilikuwa 590 na tairi tulilonunua lilikuwa 559. Tofauti ni milimita 31. Hata fundi hodari hawezi kuinyosha.

Kanuni yetu sasa ni hii: magurudumu yote matatu yawe ya kipimo kimoja, na kipimo hicho kiwe kile ambacho muuza vipuri wa soko lenu anakiweka kila wakati. Nendeni dukani kwanza mkaangalie matairi yaliyotundikwa. Hayo ndiyo yatakayowachagulia ukoo. Mwenye baiskeli atabeba tyubu moja tu ya akiba, na itafaa gurudumu lolote.

Hesabuni pia matundu ya spoku. Habu na rimu lazima ziwe na idadi sawa. Black Mamba kwa kawaida ina matundu 32 mbele na 40 nyuma, na za mauntini nyingi zina 36 kote. Habu ya 36 haiwezi kukaa vizuri kwenye rimu ya 40.

3. BREKI HUFUATA RIMU

Black Mamba ina breki za vyuma virefu, na mpira wake unabana rimu upande wa ndani, ule unaoelekea habu. Ubavu wa rimu hiyo umeviringana. Ukifunga breki za waya zinazobana kutoka kando, hazitashika vizuri. Breki za waya zinataka rimu yenye ubavu bapa, kama ya mauntini.

Baiskeli ya mkono ni nzito, na mara nyingi ina mzigo. Weka breki mbili, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja na waya wake, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Ongeza na chuma cha kufungia gurudumu wakati mtu anapanda au anashuka. Kwa sababu ya breki, sisi tulichagua ukoo wa mauntini mara ya pili. Mkichagua Black Mamba, tumieni breki zake zenyewe.

4. NANI ANAZUNGUSHA GURUDUMU GANI

Umbo lililo rahisi kwa mara ya kwanza ni gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na krenki ifungwe juu ya foko ya mbele. Mikono hiyo hiyo inazungusha na kuelekeza. Gurudumu la mbele basi litakuwa na habu ya nyuma ya baiskeli, ile yenye friwili. Magurudumu mawili ya nyuma yatakuwa na habu za mbele za kawaida. Kwa ufupi mnahitaji baiskeli moja kuukuu na gurudumu moja la mbele la nyongeza.

Lakini angalieni upana. Habu ya nyuma ya mauntini kwa kawaida huwa milimita 135 kati ya pande mbili za fremu, na foko ya mbele ina milimita 100 tu. Foko lazima itengenezwe upya. Msiipanue kwa nyundo.

Nyuma, shikeni ekseli ya kila gurudumu pande zote mbili. Baiskeli ya magurudumu mawili hulala kwenye kona, ya matatu hailali, kwa hiyo gurudumu husukumwa ubavuni. Ekseli nyembamba iliyoshikwa upande mmoja itapinda.

5. CHENI NA MENO YAKE

Cheni zote za baiskeli zina nafasi moja kutoka pini hadi pini, nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ila upana ni wa aina mbili. Pana ni ya inchi 1/8, ya baiskeli zisizobadilisha gia. Nyembamba ni ya 3/32, ya baiskeli zenye gia nyingi. Cheni pana hukubali meno membamba. Cheni nyembamba haikai kwenye meno mapana, inapanda juu yake. Sisi tuliunga kipande chembamba kwenye cheni pana, na kila kipande hicho kilipofika kwenye friwili kiliruka. Basi cheni yote iwe ya aina moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kujua urefu, fanyeni hesabu hii. Pimeni kutoka katikati ya krenki hadi katikati ya habu, zidisheni mara mbili. Halafu jumlisheni meno ya mbele na ya nyuma, gawanyeni kwa mbili, zidisheni kwa sentimita 1.27. Jumlisheni majibu mawili. Yetu ilikuwa hivi: umbali sentimita 60, mara mbili ni 120. Meno 28 na 22 ni 50, nusu yake 25, mara 1.27 ni karibu 32. Jumla ni sentimita 152. Cheni ya pini 112 ina urefu wa sentimita 142 tu, kwa hiyo tulinunua mbili zinazofanana tukaunga.

Cheni ya zamani pimeni kwa rula. Pini 24 lazima ziwe inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na 1/8, hiyo imekwisha na itakula meno mapya.

Kuhusu wepesi: mikono haina nguvu za miguu. Meno 44 mbele na 18 nyuma, kwa gurudumu la 26, husogeza baiskeli kama mita 5 kwa kila mzunguko. Mlima mdogo tu utamshinda mtu. Tulitumia gia ndogo ya mbele ya meno 28 na friwili ya meno 22, ikawa mita 2 na nusu hivi. Anakwenda polepole, lakini anafika. Gia kubwa mbili za mbele tulizitoa, tukafunika cheni kwa bati ili leso isinaswe.

6. KRENKI NA THREDI ZINAZOGEUKA

Kateni kutoka fremu kuukuu ile bomba fupi ya krenki, pamoja na vikombe na ekseli yake. Msichanganye vikombe vya fremu mbili. Kikombe cha upande wa cheni, upande wa kulia, kwa baiskeli nyingi za huku kina thredi ya kinyume: hufunguka kwa kuzungusha jinsi saa inavyokwenda. Wengi wameharibu thredi kwa kulazimisha. Pedali ya kushoto pia ni ya kinyume. Kwa hiyo acheni cheni ibaki kulia kama ilivyokuwa.

Wakati wa kuchomelea, toeni gololi na grisi, mfunge vikombe vikuukuu ndani ili thredi isipindwe na moto.

Chagueni ekseli yenye ncha za mraba. Mraba una pande nne, kwa hiyo krenki ya pili inaweza kuhamishwa ili vishikio viwili viende pamoja. Mikono ikisukuma kwa pamoja usukani hauyumbi. Krenki za pini, zile za kota, hazina uhuru huo.

KABLA YA KUTOA PESA

Pangeni vipuri vyote chini, juu ya gunia, kabla ya kulipa kama muuzaji atakubali. Vaeni tairi kwenye rimu. Tieni habu kwenye foko au mpime upana. Lazeni cheni juu ya meno ya mbele na ya nyuma. Zungusheni kila nati kwa vidole, si kwa spana. Kinachokataa kwa vidole rudisheni.

Sisi tulipofanya hivyo mara ya pili tulirudisha vipuri vinne. Muuzaji alinung'unika, tukamnunulia chai. Baiskeli ya pili imepasuka tairi mara mbili, na mara zote mbili mama alipata tairi pale pale sokoni, siku ile ile. Kijana wake hajakosa shule kwa sababu ya wilibaro tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika soko letu, ni tairi la namba gani ya milimita linalopatikana kila wiki?
2. Ni nani kijijini anakaa nyumbani kwa kukosa njia ya kutembea? Je, tumemuuliza yeye mwenyewe anataka kwenda wapi?
3. Nani kati yetu atajifunza kuziba pancha na kufunga cheni, ili mwenye baiskeli asingoje fundi?
4. Tutaweka akiba kiasi gani kila mwezi kwa vipuri vya baadaye?

Kikundi kitakachoanza kazi hii kituandikie, mafanikio na makosa pia.