Kibali Kwanza, Pilau Baadaye

Wengi wetu tumekulia kwenye harambee: daftari linapita, jina linaandikwa, pesa inatoka. Basi tulipokutana kwenye fleti ya mwenzetu hapa Darsait kumchangia mwanafunzi aliyekwama ada, tukapanga na usiku wa ngoma na pilau, tiketi tuuze Ruwi nzima. Mzee mmoja mwenye asili ya Unguja akauliza tu: "Wanangu, kibali mnacho?" Kimya.

Sheria ya Adhabu ya Oman ya 2018 inakataza kukusanya michango kwa watu bila kibali. (Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo tangu 1960, ila nani huisoma?) Kwa mgeni mwenye viza ya masomo, huo si mchezo. Anzeni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, au mshirikiane na chama cha hisani kilichosajiliwa, kabla ya kuchapisha tiketi hata moja.

Halafu hesabu. Sisi mainjinia hatujengi daraja kwa kubahatisha mzigo. Tuseme ukumbi, chakula na spika ni riali 200, tiketi riali 3. Tiketi 66 za kwanza zote zinamezwa na gharama. Ya 67 ndiyo inamfikia mwenzetu, tena riali 1 tu! Na walioahidi kuja, mimi nahesabu 6 katika kila 10. Yaani kupata hao 67 unahitaji ahadi 112.

Ngoma tumeiahirisha. Katibu anakwenda wizarani Jumapili.