Dondoo muhimu: Kuipima ndege ya nyongeza kwenye urubani wa kompyuta
Ndege ya nyongeza ipime kwa inavyoruka, si kwa picha za tangazo.

• Anza na FlightGear, programu ya urubani ambayo ni ya bure, kabla hujatoa hata shilingi.

• Linganisha na kitabu cha mwongozo wa ndege halisi. Cessna 172S iliyojaa uzito, injini ikizimika, huelea vizuri kwa noti 68 (kilomita 126 kwa saa), na bila upepo kila futi 1,000 za kimo huipeleka takriban kilomita 2.8. Basi zima injini ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi: ikifika kilomita 15 badala ya 8 hivi, rangi nzuri haziiokoi. Utaambiwa huu ni mchezo tu. Sawa, lakini muuzaji aliyetangaza “kama halisi” ndiye aliyejiwekea kipimo hicho, na ndicho kilichopandisha bei.

• Ijaribu peke yake, nyongeza nyingine zikiwa zimezimwa. Programu zikigongana, lawama huweza kumwangukia asiyehusika.

• Soma masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipa.

• Ukiandika maoni, taja toleo ulilotumia na uwezo wa kompyuta yako. Ukipewa nyongeza bure, liseme hilo kwanza.