Kufunga Vifurushi vya Safari

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari ya kufunga vifurushi, na sababu yake yajulikana na kila mtu akaaye upande huu wa Temeke. Siku hizi haipiti wiki bila nyumba fulani ya Tandika, Buza au Mbagala kupeleka kitu bara: mama humpelekea binti yake aliye shule ya bweni Songea madaftari na kandambili, na kijana auzaye vitenge kwa simu hupata mnunuzi aliye Kigoma. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini wengi huifanya ovyo, na mara nyingi hasara humwangukia mtu mwingine kabisa.

Nitatoa mfano. Jirani yangu alimpelekea mwanawe cheti cha Kidato cha Nne, maana kijana alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi. Alikitia katika bahasha ya kaki, akaandika jina vizuri, akalipa. Katika gunia lile lile mtu mwingine alikuwa ametia chupa mbili za mafuta ya nazi zilizozungushiwa gazeti tu. Njiani kizibo kimoja kililegea. Cheti kilifika kimelowa mafuta, muhuri hausomeki. Kijana alikwenda nacho hivyo hivyo, akaambiwa arudi atakapokuwa na cheti safi. Mwenye mafuta hata leo hajui alilolitenda.

Basi, mtu afungapo kifurushi yampasa akumbuke kwamba hakisafiri peke yake. Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900, na njia yote hiyo kitalala juu ya mali ya mtu mmoja na chini ya mali ya mwingine. Chupa ya mafuta au asali izungushiwe utepe wa gundi kwenye kizibo, itiwe ndani ya nailoni nzito iliyofungwa barabara, kisha izungukwe na matambara au maranda yawezayo kunywa mafuta yote ikiwa chupa itapasuka. Naye mwenye cheti akitie kwanza katika nailoni, halafu kati ya vipande viwili vya katoni ngumu. Wote wawili wakifanya hivyo, hata ajali ikitokea haina mtu wa kumdhuru.

Sasa nije kwenye jambo nilipendalo zaidi, maana mimi ni mwalimu wa Fizikia. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanakumbuka tulivyoangusha mayai kutoka urefu wa meza, sentimita 80, ambao ndio urefu wa mikono ya mpakiaji aliyechoka. Kitu kikianguka hivyo hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 4 kwa sekunde. Kikisimama ndani ya milimita 2 tu, hupata kishindo kama mara 400 ya uzito wake. Kikipata sentimita 4 za kusimamia, kishindo hushuka hata kuwa kama mara 20. Kitu ni kile kile na urefu ni ule ule. Tofauti ni nafasi ya kusimama. Hiyo ndiyo kazi ya vitulizo. Na kwa kuwa maranda hayabonyei yote, tabaka liwe nene kupita hizo sentimita 4, chini, juu na pande zote. Hapana haja ya kununua kitu cha ghali: mafundi samani wa Keko wana maranda tele, na magazeti yaliyofinyangwa yanafaa pia. Boksi likisha jaa, litikiseni. Likilia ndani, ongezeni.

Lakini boksi lisiwe kubwa bila sababu. Kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Boksi la 50 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kuwa kilo 16, hata kama ndani mna kofia tupu! Wakati wa masika, lizungusheni nailoni, maana katoni iliyolowa haina nguvu.

Halafu kuna vitu vya hatari, na hapa wengi husema uongo kwa karani ili mzigo upite. Manukato, rangi ya kucha, viberiti na makopo ya dawa ya mbu ya kupuliza vyote hushika moto upesi. Pawa benki na betri za simu ni hatari zaidi. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo, Boeing 747, iliyokuwa ikitoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani, ilishika moto angani ikaanguka, na marubani wake wawili wakafa. Ilikuwa imepakia betri nyingi za lithiamu, na baadhi yake zilikuwa za namna iliyopasa kutangazwa kuwa mizigo ya hatari, nazo hazikutangazwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu za kuchaji, zikiwa peke yake, haziruhusiwi kupakiwa kama mizigo katika ndege za abiria. Basi karani akiuliza kilichomo, mwambieni kweli, wala msizibe boksi kabla hajaona.

Wanyama walio hai pia hukatazwa katika barua, lakini Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka 1874, huruhusu nyuki, ruba na viwavi wa hariri. Sijapata kumwona mtu wa Mbagala akipeleka ruba kwa posta.

Anwani nayo isiwe “nyuma ya msikiti, karibu na mwembe.” Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina majina, na kila kata ina postikodi ya tarakimu tano: za Kinondoni huanza na 14, na za Temeke huanza na 15. Andikeni jina na simu ya mpelekaji na ya mpokeaji kwa wino usiofutika, kisha tieni nakala ndani ya boksi, kwani karatasi ya juu huweza kubanduka.

Msafirishaji awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kumkabidhi utingo mzigo mlangoni mwa basi bila karatasi ni kuutupa. Ombeni risiti yenye namba ya mzigo, ipigeni picha, mpelekeeni mpokeaji namba hiyo siku ile ile, na risiti yenyewe iwekeni mpaka atakapopiga simu kwamba amefungua boksi na kila kitu kimo.