SOMO: KIONGOZI ATOE HESABU KABLA YA KUULIZWA



Katika somo hili tutazame jambo ambalo huvunja vikundi hata mwaka wa mvua nzuri: hesabu za pesa. Watu huanza kwa moyo mmoja, wanachanga kidogo kidogo ili wapate tangi la maji au mbuzi wa maziwa. Kisha siku moja mama mmoja anauliza pesa zimefika ngapi, naye anaambiwa ana fitina. Mkutano unaofuata wanakuja nusu. Mwishowe kikundi kinabaki jina tu.

Soma 1 Samweli 8:1-5

Samweli alipozeeka aliwaweka wanawe, Yoeli na Abiya, wawe waamuzi huko Beer-sheba. Lakini hawa walipenda faida, wakala rushwa na kupotosha haki. Wazee wa Israeli hawakuishia kunung'unika njiani. Walikwenda kwa Samweli mwenyewe wakamwambia wazi. Basi tujifunze: uongozi haurithiwi kama shamba, na kosa la kiongozi lipelekwe mahali linapoweza kurekebishwa.

Soma 1 Samweli 12:1-5

Sasa Samweli ana mvi, na Sauli amekwisha kuwa mfalme. Hakuna aliyemshtaki Samweli. Hata hivyo anasimama mbele ya watu wote na mbele ya mfalme, anawauliza kama alimchukulia mtu ng'ombe au punda wake, kama alimdhulumu au kumwonea yeyote, kama alipokea hongo akafumba macho. Yuko tayari kurudisha. Watu wote wanashuhudia kwamba hakufanya hivyo.

Tuone mambo matatu. Alisema hadharani, si kwa marafiki wawili. Alitaja vitu vyenyewe, si maneno ya jumla. Na alikubali kurudisha kama angepatikana na kosa.

Soma 2 Wakorintho 8:16-21

Makanisa yalichanga kwa ajili ya ndugu maskini wa Yerusalemu. Paulo alikuwa mtume, watu walimwamini. Lakini hakutaka kubeba mchango huo peke yake. Alimtuma Tito, pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa. Hakutaka mtu apate sababu ya kuwalaumu. Alitaka mambo yawe safi mbele za Mungu na mbele ya watu pia.

Wengine husema, "Mungu anajua moyo wangu." Ni kweli, anajua. Lakini jirani yako haoni moyo, anaona daftari. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata Katiba ya Kenya ya 2010, katika Sura ya Sita, inasema mamlaka ya kiongozi wa umma ni amana aliyokabidhiwa. Mwenyekiti wa kikundi cha watu 20 naye amekabidhiwa amana.

Tufanye nini?

1. Pesa zihesabiwe mbele ya mkutano na watu wawili au zaidi, ziandikwe hapo hapo.
2. Kila anayetoa apewe risiti, na kila kinachonunuliwa kiwe na risiti.
3. Watia sahihi wa benki wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja.
4. Kila mkutano mweka hazina asome kwa sauti: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Asome kwa lugha ambayo hata nyanya asiyejua kusoma ataelewa.
5. Anayeuliza ajibiwe kwa heshima. Swali si fitina. Naye anayeuliza asimwite mtu mwizi kabla daftari halijafunguliwa.

Maswali ya kujadiliana

- Mara ya mwisho hesabu zetu kusomwa ilikuwa lini? Nani hakuzielewa?
- Mweka hazina akiugua leo, nani mwingine anajua pesa na vitabu viko wapi?
- Soma Nehemia 5:14-18. Kwa miaka 12 Nehemia hakuchukua posho ya liwali kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Viongozi wetu wanapata posho gani, na ni nani aliyeikubali?

Tunawaomba viongozi wasingoje swali hilo la kwanza waulizwe na wanachama. Mkutano ujao, baada ya sala, daftari liwe juu ya meza, limefunguliwa.