SOMO KWA WENYE VYOMBO VYA BAHARINI: MASHINE ILIYOCHOKA, IFANYIWE OVAHOLI AU INUNULIWE MPYA?

Wenye vyombo, manahodha na wavuvi wote wa Unguja na Pemba wanaombwa kulisoma somo hili kwa makini na kuwaeleza wenzao ambao hawakulipata. Somo linahusu mashine za kupachika zilizotumika kwa miaka mingi, na suali ambalo kila mwenye chombo hukutana nalo mwishowe: je, mashine iliyochoka ifumuliwe na kufanyiwa ovaholi, au inunuliwe nyengine mpya?

Suali hili linagusa fedha na linagusa roho za watu. Mkondo wa Pemba, ulioko baina ya kisiwa hicho na bara, una kina cha mamia ya mita, na maji yake huvuta kuelekea kaskazini. Mashine ikizimika hapo, nanga haifiki chini, na chombo huchukuliwa na maji pamoja na watu waliomo. Kwa sababu hiyo inafaa uamuzi ufanywe kwa vipimo na hesabu, usifanywe kwa kukisia.

1. Kwanza ihakikishwe kuwa mashine kweli imechoka

Mashine nyingi huhukumiwa kwa makosa yasiyokuwa yao. Chombo kinapopungua mwendo, yachunguzwe kwanza mambo madogo: petroli iliyoingia maji, plagi chafu, kabureta iliyoziba, rafadha iliyopinda, na uchafu wa bahari ulioota chini ya chombo. Kila moja kati ya haya huweza kupunguza nguvu, na matengenezo yake ni ya gharama ndogo. Baada ya hayo kurekebishwa, na ikiwa udhaifu bado upo, ndipo mashine yenyewe ipimwe.

2. Kipimo cha kompresheni

Kompresheni ni nguvu ya hewa inayoshindiliwa na pistoni ndani ya silinda. Fundi huipima kwa geji inayofungwa mahali pa plagi. Mashine iwe imepata moto wa kawaida, plagi zote zitolewe, umeme wa plagi ukatwe, na mlango wa hewa wa kabureta uachwe wazi. Kisha kamba ivutwe mara kadhaa mpaka sindano ya geji isipande tena. Hesabu ya kila silinda iandikwe.

Hesabu hizo zilinganishwe na kitabu cha mtengenezaji, halafu zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna kasoro ya kutafutwa. Zikiwa zote zimeshuka kwa pamoja, mara nyingi huwa ni uchakavu wa ringi, pistoni na silinda.

3. Kutafuta sababu ya uchakavu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Hubadilisha pistoni na ringi, na sababu iliyoziua huachwa mahali pake; baada ya miezi michache mashine hurudi kwa fundi ikiwa na ugonjwa ule ule.

Sababu zinazojulikana sana ni tatu. Ya kwanza ni upungufu wa oili katika mashine za mipigo miwili. Nyingi katika hizo huhitaji kiasi cha 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Ya pili ni joto, pale mpira wa pampu ya maji unapokatika au njia za maji zinapoziba kwa chumvi. Kijito cha maji kinachotoka ubavuni mwa mashine hupungua, na pistoni hukwaruza silinda. Ya tatu ni maji ya bahari kuingia ndani ya mashine, ambayo hutia kutu beringi na krenki shafti.

4. Hali ya bloku na krenki shafti

Mashine ikishafumuliwa, mwenye chombo awepo na aone kwa macho yake. Pistoni, ringi, gaskiti na beringi ni vitu vya kubadilishwa. Silinda iliyolika kidogo huweza kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwa kawaida ya milimita 0.25 au 0.50 juu ya kipimo cha asili, ikiwa mtengenezaji anazitoa. Lakini bloku iliyopasuka, au aluminiamu yake iliyoliwa na chumvi kwenye njia za maji na penye matundu ya bolti, haina matengenezo ya kuaminika. Krenki shafti ikiwa nayo imeharibika, gharama hupanda haraka, na mara nyingi hapo hesabu ya ovaholi huwa imekwisha.

5. Hesabu ya gharama

Bei peke yake haitoshi. Inafaa igawanywe kwa muda wa kazi. Tuchukue mfano. Tuseme mashine mpya ina thamani ya mafungu 100 na itafanya kazi miaka 5. Gharama yake ni mafungu 20 kwa mwaka. Ovaholi kamili iwe ni mafungu 45. Ikidumu miaka 3, gharama ni mafungu 15 kwa mwaka, na mwenye chombo amepata faida. Ikidumu miaka 2 tu, gharama ni mafungu 22 na nusu kwa mwaka, naye atakuwa amelipa zaidi ya aliyenunua mpya. Ziongezwe pia siku ambazo chombo kitalala pwani kikisubiri vipuri, hasa katika msimu wa samaki.

6. Uamuzi

Ovaholi inafaa ikiwa bloku na krenki shafti ni nzima, sababu ya uchakavu imejulikana na kuondolewa, vipuri vya asili vinapatikana, na gharama yote haizidi nusu ya bei ya mashine mpya. Likikosekana moja katika haya, ni bora fedha hizo zihifadhiwe kwa kununulia mpya, hata kama chombo kitarudi kwenye tanga kwa muda. Mashine kuukuu isiyojulikana historia yake isichukuliwe kuwa ni mpya; nayo ipimwe kompresheni kabla ya kulipiwa.

Kwa vyombo vinavyomilikiwa kwa ubia, vipimo vya fundi na orodha ya vipuri viandikwe na kuonyeshwa kwa washirika wote kabla ya fedha kutolewa. Jambo hili huondoa ugomvi.

7. Baada ya uamuzi

Mashine iliyowekewa pistoni mpya isilazimishwe mwendo mkubwa katika saa 10 za mwanzo, na kiasi cha oili katika saa hizo kifuate kitabu cha mtengenezaji. Kila inaporudi pwani isafishwe ndani kwa maji matamu. Ikianguka baharini, ifunguliwe, isafishwe kwa maji matamu na kutiwa oili siku hiyo hiyo, kabla kutu haijaingia.

Manahodha wanakumbushwa kuwa hata mashine mpya huzimika. Tanga, kasia, plagi za akiba na majaketi ya kuokolea maisha visiachwe pwani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa aliyeko baharini, ufa huo huzibwa kabla ya kung'oa nanga.